Ramani Imepigwa Muhuri, Korongo Limebaki Palepale

Shangazi Lusungu mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na kama utacheka naomba ucheke ukishafika mwisho wa barua, kwa sababu katikati kuna mahali ambapo watu saba wanaweza kuvunjika miguu, na miguu yenyewe tayari ni mibovu.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, nina miaka kumi na sita, naishi Chamazi na mama yangu. Mguu wangu wa kulia ni mfupi kuliko wa kushoto kwa vidole vinne tangu nizaliwe, kwa hiyo navaa kiatu chenye soli nene nilichotengenezewa na fundi wa Mbagala, na natembea na mkongojo mmoja. Sisemi hivi ili unihurumie. Nasema ili uelewe habari ya Kirikuu.

Kila mwaka parokia yetu inafanya hija ya miguu kutoka Chamazi hadi Pugu. Ni siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili, tunapita Msongola, tunapita Chanika, kwa njia za ndani ili kukwepa magari, na jumla yake ni kama kilomita thelathini. Watu wanaimba, wanasali rozari, wanatoka malengelenge, halafu wanayasimulia malengelenge hayo mpaka Krismasi. Sisi tusioweza kutembea tunapakiwa kwenye Kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, pamoja na masufuria, mchele, mkaa na gunia la vitunguu, tunatangulia kila kituo, na wenzetu wakifika wakiwa wametakaswa wanakuta sisi tumeshamenya. Jina letu ni Kundi la Masufuria. Siyo tusi, Shangazi, watu wanalitumia kwa upendo kabisa, wanauliza, "Masufuria wamefika?" na sisi tunaitika, "Tumefika." Nimehiji mara nne, na mara zote nne nimefika Pugu nikinuka vitunguu.

Mwaka huu nilisoma kwenye kompyuta ya shule kwamba huko kwenye njia ndefu za milimani watu wenye miguu kama yangu hawalazimiki kutembea njia nzima, wanachagua vipande vilivyo rahisi, gari linawashusha mwanzo wa kipande na kuwachukua mwisho wake, na bado wanahesabiwa kuwa wametembea. Nilisoma mara tatu. Kengele ya kutoka ililia mie bado nimekaa. Nikawaza kwamba kama Kirikuu kinaweza kumbeba Auleria na vitunguu, kinaweza pia kumshusha Auleria na kuendelea na vitunguu.

Nikaenda kwenye kikao cha kamati ya hija baada ya misa ya pili. Mwenyekiti ni Mzee Gaudens, karani mstaafu, ambaye huuweka muhuri wa kamati kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo. Nilimwamkia, nikaeleza, akanisikiliza mpaka mwisho halafu akasema, "Mwanangu, sisi tunahiji, hatuendi pikiniki. Bwana wetu hakupanda Kirikuu."

Anti Jenipher, ambaye alikatwa mguu kwa sababu ya kisukari na sasa anavaa wa bandia, alikuwa amekaa nyuma. Akasema, "Alipanda punda, Mzee. Tuletee punda basi, sie hatuna neno."

Watu walicheka mpaka Mzee Gaudens naye akacheka kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo, akasema, "Haya. Lete ramani ya hivyo vipande, kamati itaona."

Shangazi, ndipo mambo yangu yalipoanza kuharibika, maana nilipewa wiki nne, na katika wiki nne hizo nilikuwa na mitihani, na mie nikitembea kilomita moja na nusu lazima nikae, sasa kilomita thelathini ningezipima vipi? Kipande cha kwanza, cha hapa Chamazi nyuma ya uwanja wa mpira, nilikitembea mwenyewe, hicho ni cha kweli. Kipande cha pili nilipelekwa na Kaka Jamali wa bodaboda, nikakiona kwa macho. Nikamuuliza huko mbele kuna kilima? Akasema, "Kilima gani sista? Hamna kilima. Pale mie naweka gia namba moja tu, inapanda yenyewe."

Nikaandika: hamna kilima.

Kipande cha tatu kiko kati ya Msongola na Chanika, kuanzia kwa Mama Eufrazia muuza vitumbua hadi kwenye tanuri la matofali. Siku ya kwenda kukiona mvua ilinyesha, basi nikapewa namba ya Mama Eufrazia nikampigia. Nikamuuliza, "Mama, shikamoo, hiyo njia ya tanurini ni tambarare?" Akasema, "Tambarare kabisa mwanangu, kama meza." Nikauliza ni mbali? "Wala, ni hapo tu." Nilipaswa kujua. Nimezaliwa mji huu, najua kwamba huku kwetu mtu akiulizwa njia hawezi kusema sijui, atakuambia hapo tu hata kama hapo penyewe ni Morogoro, lakini nilitaka sana iwe tambarare, kwa hiyo nikaandika kama meza. Cha nne nacho nilikipata kwa simu hivyohivyo.

Nilichora ramani kwa penseli za rangi, vipande vinne, jumla kilomita kumi na moja. Mzee Gaudens akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena, akaniuliza mbele ya kikao kizima, "Umepita mwenyewe njia hizi?"

Nikasema, "Ndiyo, Mzee."

Sijui kwa nini nilisema ndiyo. Yaani najua. Nilisema kwa sababu alikuwa ameshatoa muhuri mfukoni. Aliupulizia pumzi, akaandika kwa mkono wake IMEPITIWA, akaugonga juu yake, na ramani ikatolewa kopi na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na majina ya wachumba wanaotarajia kufunga ndoa. Kuanzia hapo ikawa si ramani yangu tena, ikawa ya kamati.

Watu saba tumejiandikisha. Fomu ilikuwa na mahali pa kujaza unaweza kutembea umbali gani bila kukaa, na wote wamejaza vizuri, kilomita mbili, wengine tatu. Mmoja wao ni Mzee Albano, ambaye alikuwa anachonga vinyago Mwenge kabla goti lake halijakataa, sasa ana miaka sabini na moja na hajahiji kwa miguu tangu gari limgonge miaka tisa iliyopita. Anatuchongea fimbo, moja kwa kila mtu, ya kwangu ina kichwa cha kitunguu. Jumapili iliyopita aliniita akaniuliza jambo dogo tu: "Mjukuu, kile kipande cha tatu, kuna mahali pa kukaa?"

Sikujua kama kuna mahali pa kukaa kwa sababu sikuwahi kufika. Nikamwambia nitaangalia kwenye daftari.

Jumamosi yake nikaenda. Shangazi, baada ya vitumbua vya Mama Eufrazia njia inakwenda vizuri kama hatua mia mbili, halafu ardhi inaisha. Kuna korongo. Watu wamechonga ngazi kwenye udongo, chini kuna maji, na juu ya maji kuna nguzo mbili za umeme zimelazwa, hilo ndilo daraja. Mama mmoja alipita na ndoo kichwani bila hata kuishika, akanisalimia. Mie nilikaa chini nikashuka kwa makalio, sketi yangu ya shule ndiyo inajua, nilipofika kwenye nguzo nikaziangalia, nikarudi kwa kushika mizizi. Kupanda kulinichukua dakika arobaini.

Nikamwendea Mama Eufrazia nikamwambia, "Mama, ulisema tambarare."

Akaniangalia kwa huruma ya kweli. "Si ndiyo tambarare mwanangu? Unashuka kidogo, unapanda kidogo, ukigawanya inakuwa sawasawa." Akanipa vitumbua viwili bure, nikala nikilia.

Zimebaki wiki mbili na siku chache. Nikisema ukweli, Mzee Gaudens atafuta vipande vyote, hata vile vizuri, na tutarudi kwenye Kirikuu pamoja na fimbo zetu, na hatutaombwa maoni tena mpaka nizeeke. Nikinyamaza, Mzee Albano atasimama juu ya lile korongo na goti lake. Nimewaza pia kuugua siku hiyo, au kuibandua ramani ubaoni usiku na kubandika nyingine, lakini nyingine haitakuwa na muhuri. Mama hajui lolote. Ninaomba unijibu kupitia namba iliyo chini, ni ya mama yangu, ila ukipiga sema ni ya masomo.

Ni mimi Auleria, Chamazi.

*

Auleria mwanangu, marahaba. Nimecheka kabla ya mwisho, nisamehe, ni yule wa kugawanya.

Sasa kaa vizuri nikusute. Uliulizwa swali la neno moja ukajibu kwa neno moja la uongo, na uongo wenyewe haukuwa wa kujificha wewe, ulikuwa wa kuwashusha watu wengine korongoni. Mtu mwenye miguu miwili mizima akidanganywa njia, atalalamika na kuendelea. Anti Jenipher akidanganywa njia hana pa kuendelea wala pa kurudi. Wewe unalijua hilo kuliko mimi, ulilijua kwa makalio. Kwa hiyo usiniandikie kana kwamba una njia mbili. Una moja, na ilipaswa uipite siku uliyokula vitumbua.

Nimemaliza kukusuta wewe, nigeukie wakubwa. Kamati nzima ya watu wazima wenye miguu ilimtuma msichana mwenye mkongojo akapime kilomita thelathini peke yake wakati wa mitihani, halafu ikamuuliza kama amepita mwenyewe! Mzee Gaudens, kama unasoma gazeti hili, na najua unasoma, shikamoo. Muhuri ni wino. Haujawahi kujaza shimo hata moja katika nchi hii. Ungeutoa mfukoni ukaenda nao Msongola, ungeokoa sketi ya mtoto.

Turudi kwako. Kosa lako la pili ni dogo kuliko la kwanza ila ndilo litakalokufaa ulijue. Uliwauliza njia watu wasioisikia. Jamali haisikii njia, inasikiwa na pikipiki. Mama Eufrazia ameshuka lile korongo tangu msichana, kwake limeshakuwa sebule. Ukitaka kujua mwinuko, mtafute mtu anayesukuma mzigo. Muulize msukuma mkokoteni wa maji: ni wapi unaomba watu wakusaidie kusukuma? Ni wapi gurudumu linazama kwenye mchanga? Ni wapi unaweka jiwe nyuma ya tairi ili upumue? Huyo hatakuambia hapo tu. Huyo atakutajia mpaka mti, maana kila kilima amekilipia kwa mgongo. Na usisahau mchanga, kwa sababu wewe na mkongojo wako mnaogopa vilima tu, na mchanga mlaini unakula fimbo kuliko kilima.

Na lile swali la Mzee Albano, la mahali pa kukaa, lilikuwa na akili kuliko ramani yako yote ya penseli za rangi. Kipande rahisi ni kile ambacho ukichoka katikati unakaa, kuna kivuli, kuna choo cha kuomba, na Kirikuu kinaweza kukufikia bila kuruka kitu. Kama gari halifiki katikati, kifute, hata kiwe kimelala kama meza kweli.

Basi fanya hivi. Leo, siyo kesho, nenda kwa Mzee Albano umwambie korongo lilivyo na umwambie hukuwa umepita. Kwake kwanza, kabla ya mwenyekiti, kwa sababu goti ni lake. Halafu wapitie wengine watano. Mkishajua wote saba, nendeni pamoja kwa Mzee Gaudens, wewe ukiwa wa kwanza kusema. Atakapofoka, mwache afoke mpaka amalize, ana haki. Akisema mrudi kwenye Kirikuu, mwombeni kipande kimoja tu, kile cha Chamazi ambacho ni cha kweli. Kipande kimoja cha kweli kinavishinda viwili vya simu. Kisha Jumamosi mtafute huyo msukuma mkokoteni, mchukue mtu mzima mmoja, na mpime kwa mwendo wa anayechelewa kuliko wote. Korongoni usirudi kabisa. Na ramani usiibandue usiku, wewe si mwizi wa kuku.

Jambo la mwisho. Umeniachia namba ya mama yako, kwa hiyo siri ilikuwa imeshakufa kabla hujalamba bahasha. Nimemtumia jibu hili kabla ya kwenda gazetini, kwa sababu korongo halisubiri Jumapili, na sikusema ni ya masomo.

*

Auleria alijibu siku saba baadaye, kwa simu ileile. Ninauweka ujumbe wake kama ulivyokuja.

Shangazi, mama alilisoma jibu lako kabla yangu. Alinifokea kwa Kihaya, halafu akafunga genge lake la mboga, akanisindikiza kwa Mzee Albano jioni ileile. Tulimkuta barazani anapiga msasa fimbo ya saba. Nilisema yote, hata ya makalio. Aliinamia fimbo mabega yakitikisika, nikafikiri analia, kumbe anajizuia kucheka. Akasema, "Mjukuu, na mie kwenye fomu niliandika kilomita mbili. Tangu Pasaka sijavuka choo."

Tulipofika kwa Anti Jenipher akasema yeye aliandika tatu kwa sababu alichungulia akaona Mzee Albano ameandika mbili, na yeye ni kijana. Yule wa nyuma yake alikuwa amechungulia kwa Anti Jenipher. Kwa kifupi, Shangazi, kati yetu saba hakuna aliyesema kweli hata mmoja, na kama njia ingekuwa kweli kama meza bado tungeanguka wote kabla ya vitumbua.

Mzee Gaudens alifoka dakika ishirini. Anti Jenipher alimpimia kwa saa. Alipomaliza, mama yangu akasema, "Mzee, Jumamosi naenda nao mwenyewe, wewe unakuja au unabaki na muhuri?" Akaja, tena na Kirikuu. Tulimpata msukuma mkokoteni wa maji pale Msongola, anaitwa Marijani, akatuonyesha kila mahali anapoweka jiwe. Kipande cha pili kimekatwa, sasa kinaishia kabla ya kile kilima cha gia namba moja. Cha tatu kimefutwa. Cha nne kina mchanga mpaka kifundoni, nacho kimefutwa. Marijani akatupa kingine cha kumalizia, kule Pugu, ambacho alikuwa anapita bila kuomba msaada alipokuwa anasukuma maji huko. Kuna gogo la kukaa hapo, Mzee Albano amelikalia kulijaribu na amelipitisha. Vimebaki vitatu, vyote vitatu jumla kilomita mbili na nusu, kwa siku tatu. Mzee Gaudens alivitembea vyote nyuma yetu, taratibu, na mara mbili aliomba tukae.

Jana kikaoni nilipeleka ramani mpya. Akatoa muhuri, akaupulizia, akaniuliza mbele ya watu wote, "Umepita mwenyewe?"

Nikamwonyesha kiatu changu.

Ameandika IMEPITIWA KWELI, akagonga mara mbili. Kipande cha mwisho kinaishia mlangoni mwa kanisa la Pugu, kwa hiyo tutaingia kwa miguu. Kamati imebakiwa na ajenda moja tu, na imekaa mpaka saa moja jioni bila kuafikiana: nani atamenya vitunguu.